Namba ya mPesa inapotelea wapi? Maswali yenu kuhusu majina ya geta na seta

Safari hii nimeamua maswali yote yawe ya kitu kimoja, maana tangu toleo lililopita meseji zinazoingia ni za majina tu, majina ya geta na seta, nani anayaunda, yanaundwaje, na kwa nini programu inakataa jina ambalo kwa macho unaliona liko sawasawa. Kwa ambao ndo mnaanza, propati ni ile sifa ya kitu, mfano mzigo wa dagaa una uzito, una bei, una mwalo uliotoka. Geta ni methodi ya kuisoma sifa na seta ni ya kuiandika. Kwenye Java ukiwa na propati uzito, geta yake ni getUzito na seta yake ni setUzito, unachukua jina, unakuza herufi ya kwanza, unabandika get au set mbele, umemaliza. Ila hilo jina husomi wewe peke yako. Baadaye inakuja laibrari inalisoma kinyumenyume, inaiona getUzito, inavua get, inashusha herufi, inapata uzito. Yaani jina linakwenda na kurudi kama kivuko cha Kamanga, na barua karibu zote hapa chini ni za majina yaliyovuka vizuri yakakwama kwenye kurudi.

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi niko Igoma, nimetengeneza app ya simu kwa ajili ya mama mmoja ananunua dagaa pale mwaloni Kirumba, anasajili wavuvi wake na anawalipa kwa simu. Kwenye seva natumia Java na Spring Boot, ile fremu ya kujengea seva. Kila kitu kinasevu, jina, mwalo, idadi ya madebe, isipokuwa namba ya M-Pesa ya mvuvi, hiyo inaingia null, yaani tupu, kila siku na hamna erori yoyote. Fildi, pale klasi inapoitunza hiyo namba, inaitwa mPesaNamba. Mwenzangu ana klasi ileile kwenye laptopu yake na kwake inafanya kazi, tofauti ni kwamba mimi nimeweka Lombok, ile laibrari inayokuandikia geta na seta, na yeye kaandikiwa na IDE, programu anayoandikia kodi. Siku ya tatu hii silali vizuri, naomba msaada.

JIBU: Pole sana mdogo wangu, na umefanya vizuri kuitaja Lombok maana jibu liko hapohapo. Tazama jina lako, mPesaNamba, mbele kuna herufi ndogo moja peke yake halafu inafuata kubwa. Wengi tunaliandika hivyo kwa sababu M-Pesa ina kistari na kistari hakiruhusiwi kwenye jina la fildi, basi unakitoa unabaki na m na P. Na kwenye majina ya namna hiyo walioandika hizi zana hawakubaliani.

Lombok inakuza herufi ya kwanza tu, haiangalii kingine, kwa hiyo kwako imetengeneza getMPesaNamba na setMPesaNamba. IDE ya mwenzako inafuata desturi ya JavaBeans, ambayo Sun waliitoa mwaka 1997, ikikuta herufi ya pili ni kubwa inaiacha ya kwanza kama ilivyo, kwa hiyo yeye kapata getmPesaNamba na setmPesaNamba, m ndogo katikati. Ukiiona unadhani mtu kakosea kuandika, kumbe ndo inayotakiwa.

Sasa simu inatuma JSON, yaani maandishi yenye majina na thamani zake, na ndani yake kuna "mPesaNamba". Anayepokea kwenye Spring Boot ni Jackson, laibrari inayogeuza JSON kuwa kitu cha Java na kurudi. Jackson toleo la 2, kama hujagusa mipangilio yake, ikikutana na setMPesaNamba inavua set inabakiwa na MPesaNamba, afu haishushi herufi moja, inashusha zote kubwa zilizoongozana pale mwanzoni, M na P zote mbili, inapata mpesaNamba. Jina hilo app yako haijawahi kulituma hata mara moja. Na Spring Boot imeshaiambia Jackson isilalamike ikiletewa jina isilolijua, kwa hiyo namba ya mvuvi inafika mlangoni, inaonekana ni ya mgeni, inatupwa kimyakimya, ndo maana huoni erori. Kwa mwenzako setmPesaNamba ikivuliwa set inaanza na m ndogo tayari, Jackson haina cha kushusha, inabaki mPesaNamba na wanakutana.

Na yupo msomaji mwingine wa majina ambaye ni Java yenyewe. Fungua jshell, inakuja na Java kuanzia toleo la 9, andika java.beans.Introspector.decapitalize("MPesaNamba") bonyeza enta, utajibiwa MPesaNamba, M kubwa haijashuka kabisa. Fildi moja, majina matatu: mPesaNamba, mpesaNamba na MPesaNamba. Fanya hilo jaribio kwa mkono wako, usisome tu hapa ukapita.

Dawa ninayoipenda mimi ni kubadilisha jina lenyewe liwe mpesaNamba, kwenye seva na kwenye simu. Geta inakuwa getMpesaNamba, na Jackson na Java yenyewe zikiirudisha zote zinapata mpesaNamba, hamna ubishi tena. Kama app imeshasambaa kwa watu na huwezi kuwaambia wote waisasishe, basi andika geta na seta ya hiyo fildi moja kwa mkono na juu yake weka @JsonProperty("mPesaNamba") inayoiambia Jackson jina la kutumia, Lombok ikikuta methodi ipo tayari haitengenezi nyingine. Kuna njia ya tatu, kwenye faili la lombok.config unaandika lombok.accessors.capitalization = beanspec na Lombok inaanza kufuata ile desturi ya 1997, lakini hiyo inagusa mradi mzima, na fildi nyingine yenye umbo hilohilo itabadilika jina la geta bila wewe kutegemea, kwa hiyo kompaili upya na uangalie palipovunjika.

Jambo moja la mwisho kwako. Namba zilizoingia null hazipo popote kwenye databezi, kurekebisha jina hakuzirudishi. Muombe mama daftari lake uziingize upya, na fanya hivyo sasa hivi kabla siku za giza la mwezi hazijaanza, maana wavuvi wa taa wakirudi ziwani mzigo utakuwa mwingi na kila mtu atataka hela yake asubuhi hiyohiyo. Na hiyo fildi iwe String, ukiifanya int sifuri ya mbele inaliwa.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni wanafunzi, tunakaa Nyegezi, tumebishana hosteli mpaka saa nane usiku. Mmoja anasema propati inayoitwa URL geta yake ni getURL, mwingine anasema lazima iwe getUrl. Afu kwenye kazi yetu ya mradi tuna fildi TINNamba na NIDA. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba wanangu. Wote mna ukweli, ila hamzungumzii jina moja. Kama propati ni URL, herufi kubwa zote, geta ni getURL. Kama propati ni url, geta ni getUrl. Kosa ni kuchanganya, fildi url halafu unaandika getURL kwa mkono kwa sababu inapendeza.

Ile desturi ya JavaBeans ililitazama hili mapema. Walisema jina likivuliwa get, herufi ya kwanza ishushwe, FooBah iwe fooBah na X iwe x, ila kama herufi mbili za mwanzo zote ni kubwa basi liachwe kama lilivyo ili URL ibaki URL. Ni busara nzuri, waliona uRL ni kituko. Ila hangaiko hilohilo la vifupisho ndo lililomuumiza mwenzenu wa Igoma hapo juu, kwa sababu mPesa ikishakuzwa inafanana kabisa na kifupisho na mashine haina namna ya kujua.

Sasa TINNamba yenu ni hatari zaidi ya URL. Geta ni getTINNamba. Java yenyewe ikiirudisha inasema TINNamba, sawa. Jackson toleo la 2 inashusha herufi kubwa zote za mwanzo, na hapo zimeongozana nne, T, I, N na ile N ya Namba, kwa hiyo inatoka tinnamba. Mpaka wa maneno mawili umefutika, na mwenye app ya simu atahangaika anatafuta tinNamba haipo. NIDA nayo itatoka nida.

Ushauri wangu, na huu nausimamia, kifupisho mkichukulie kama neno la kawaida: tinNamba, nidaNamba, url. Geta yoyote mtakayoitengeneza, getTinNamba, getNidaNamba, getUrl, inarudi nyumbani bila kupotea kwa laibrari zote nilizozitaja. Inaumiza macho kidogo kuona Nida imeandikwa kama jina la mtu, mtazoea. Haya mlale sasa.

SWALI: Habari kaka, mimi ni dada wa Musoma, tunasajili mizigo ya sangara inayopelekwa kiwandani. Nilikuwa na fildi boolean isAmelipwa, upande wa ukurasa wa wavuti unasoma amelipwa, safi kabisa. Juzi bosi akasema kuna mizigo hatujui kama imelipwa au la, nikabadilisha boolean ikawa Boolean ile ya B kubwa ili iweze kukaa null. Sijagusa kingine chochote, ukurasa wote ukaonyesha hakuna aliyelipwa. Natumia Lombok.

JIBU: Dada yangu, hujakosea kufikiri, ila kwa herufi moja tu ile B umebadilisha jina la methodi bila kujua. Fildi ikiwa boolean ya b ndogo na jina lake linaanza na is inayofuatwa na herufi kubwa, Lombok inahesabu kwamba is ni kiambishi tu, inatengeneza isAmelipwa() na setAmelipwa(), na JSON inatoka amelipwa. Ikiwa Boolean ya B kubwa Lombok inaichukua kama kitu kingine chochote, inatengeneza getIsAmelipwa() na setIsAmelipwa(), na JSON inatoka isAmelipwa. Ukurasa wako bado unaulizia amelipwa, haipo, na JavaScript ikikosa kitu inakipa undefined ambayo kwenye if inahesabika ni hapana. Basi watu wote wakaonekana hawajalipwa.

Ondoa is kwenye fildi, iite amelipwa. Ikiwa ndogo geta itakuwa isAmelipwa(), ikiwa kubwa itakuwa getAmelipwa(), na zote mbili zinarudi amelipwa, kwa hiyo siku nyingine ukibadilisha aina hamna atakayejua.

Na hapa nataka niseme kitu ambacho huwa nawaambia vijana kila mara, Kiswahili kwenye hili kina nafasi nzuri kuliko tunavyodhani. Kwenye Kiingereza neno kama active likikaa peke yake halijui linamsema nani, ndo maana watu wanalitafutia is. Amelipwa limeshabeba mtu, limeshabeba wakati, limeshabeba kitendo chote ndani ya neno moja. Kubandika is mbele yake ni kumvalisha mtu koti juu ya koti. Imepokelewa, umepimwa, wamethibitisha, hayo tayari ni majina kamili ya boolean. Mnaweza mkayatumia bila aibu.

SWALI: Mwangaluka kaka! Nakuandikia kutoka Nansio, Ukerewe. Mimi naandika programu zangu kwa Kiswahili kitupu kwa makusudi kabisa, nataka wadogo zangu wa sekondari wazisome. Swali langu, naweza kuandika pataBei na wekaBei badala ya getBei na setBei? Na kuna ubaya gani?

JIBU: Mwangaluka ndugu yangu, nimeifurahia sana barua yako. Kwa Java yenyewe hakuna ubaya wowote, methodi inaitwa unavyotaka na itafanya kazi ukiiita kwa mkono. Shida ni zile laibrari zinazosoma majina. Zimefundishwa get, set na is, neno pata hazilijui, zitaipita pataBei kama haipo na JSON yako itatoka tupu au itakuletea erori kwamba hakuna propati hata moja. Unaweza ukaweka @JsonProperty("bei") juu ya kila methodi, inafanya kazi, ila ni kazi ya kuchosha na siku utakayosahau moja utaumia.

Mimi ningekushauri utumie record. Zilikuja rasmi kwenye Java 16 mwaka 2021. Unaandika record Mzigo(String mwalo, double uzito, int bei) {} kwenye mstari mmoja na methodi za kusoma zinakuwa mwalo(), uzito() na bei(), bila get wala pata. Unaandika mzigo.bei() na mdogo wako wa form two anaisoma moja kwa moja. Jackson inazielewa record kuanzia 2.12. Kitu cha kujua tu ni kwamba record haina seta, ukishaijaza haibadiliki, ukitaka bei mpya unatengeneza mzigo mpya.

Ila kuna mtego nataka nikuonyeshe, kwa sababu wewe unayeandika Kiswahili kitupu ndo utakayeukanyaga, na kwenye vitabu vya wenzetu hautaukuta maana kwao hautokei. Niliwahi kuandika programu ya soko moja la samaki, inarekodi magari yanapoingilia. Nikawa na methodi inaitwa geti(), inarudisha namba ya geti, moja au mbili. Ilikuwa methodi ya kawaida, sikuwa hata na nia iingie kwenye JSON. Natazama JSON iliyotoka, naona kuna kitu "i": 2. Nikatafuta hiyo i kwenye faili zote, sina fildi inaitwa i, sina kitu chochote kinaitwa i, nusu siku nzima imekwenda. Mpaka nikaja kuisoma ile methodi kwa macho ya mashine, g, e, t, halafu i. Imevua get, imebaki i, ikaifanya propati.

Maana laibrari hazikagui kama baada ya get kuna herufi kubwa. Introspector ya Java haikagui, na Jackson toleo la 2 nayo kwa mipangilio yake ya kawaida haikagui. Nikaanza kutafuta maneno mengine ya kwetu yenye umbo hilo, na yapo. Ukiwa na klasi Ankara na methodi boolean isiyolipwa(), inasomwa kama is pamoja na iyolipwa, unapata propati iyolipwa. Isiyofika inakuwa iyofika. Setilaiti ikiwa methodi inayopokea kitu kimoja bila kurudisha chochote inakuwa seta ya propati ilaiti. Na hizo isiyo na isipo Kiswahili kinazo nyingi mno, ngeli ya i-zi peke yake ina maneno mengi ya kukanusha yanayoanza hivyo.

Lombok, na Kotlin ambayo ni lugha ndugu ya Java, ziko makini kwenye hili, zote zinaangalia herufi inayofuata is, ikiwa ndogo zinajua kwamba is hiyo ni sehemu ya neno. Kwa hiyo fildi boolean isiyolipwa kwenye Lombok inapata isIsiyolipwa(), haipendezi kuitamka lakini inarudi isiyolipwa kamili. Tatizo ni pale unapoandika methodi kwa mkono. Basi methodi yako ya geti iite nambaYaGeti(), ya ankara igeuze iwe haijalipwa(), na ile ambayo haitakiwi kutoka kabisa iwekee @JsonIgnore. Wasalimie wadogo zako.

SWALI: Kaka mimi situmii Java, natumia PHP na Laravel, niko Sengerema. Kwenye jedwali nina simu_1 na simu_2. Nimeandika getSimu1Attribute ili namba iongezewe +255 mbele. Kwenye ukurasa inatokea vizuri ila nikitoa JSON namba inatoka vilevile ya zamani. Kwa nini?

JIBU: Ni kwenda na kurudi tena. Ukiandika $mvuvi->simu_1 Laravel inakwenda, inatoa vistari vya chini, inakuza, inapata Simu1, inaikuta methodi yako, safi. Ukitoa JSON inarudi kinyume, inakusanya methodi zote za umbo hilo, inachukua Simu1 inaigeuza iwe jina la safu. Kistari cha chini kinarudishwa penye herufi kubwa tu, na 1 haina kubwa wala ndogo, kwa hiyo inapata simu1. Safu inayoitwa simu1 haipo, inaiacha. Usiweke namba baada ya kistari, ziite simu_kuu na simu_mbadala, hata anayesoma ataelewa ipi apige kwanza. Kwenye Laravel za karibuni kuna mtindo mpya, methodi inaitwa simuKuu na inarudisha Attribute, ni msafi zaidi, lakini jina bado linageuzwa kwa njia hiyohiyo, kwa hiyo usidhani mtindo mpya utakuponya na namba.

SWALI: Natokea Magu, nafanya mfumo wa mnada wa mifugo. Java inakataa idadiYaNg'ombe. Nifanyeje?

JIBU: Ile alama ya ng' hairuhusiwi kwenye jina la Java, kwake huo ni mwanzo wa herufi moja iliyofungwa kwenye alama hizo, mfano 'a'. Andika idadiYaNgombe, geta getIdadiYaNgombe, na kwenye skrini ya mteja hakikisha unaandika ng'ombe kama inavyotakiwa, pale ni maandishi ya watu na watu wanastahili kuona lugha yao imeandikwa vizuri.

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Buzuruga. Nimechoka kuandika geta kwa mkono, naandika programu yangu inayosoma jedwali kwenye databezi na kutoa klasi nzima ya Java pamoja na geta na seta. Mstari wangu mkuu ni "get" + jina.substring(0,1).toUpperCase() + jina.substring(1). Inafanya kazi. Kuna kitu nimesahau?

JIBU: Marahaba. Umefanya jambo zuri, na mstari huo ndo karibu kila mtu anaanza nao, ila vipo vitu umesahau na nitakueleza kwa sababu programu yako ikikosea itakosea kwenye klasi mia kwa mpigo mmoja.

Hiyo toUpperCase() bila kitu ndani ya mabano inafuata lugha ya kompyuta inayoiendesha. Kwenye kompyuta au simu iliyowekwa Kituruki, i ndogo ikikuzwa inakuwa İ, ile kubwa yenye nukta juu, kwa sababu Kituruki kina i mbili tofauti. Propati idadi inakuwa getİdadi, na anayetafuta getIdadi hataiona. Utasema Buzuruga hakuna Mturuki, ila hujui kesho programu itaendeshwa kwenye mashine ya nani, na kuzuia ni rahisi, andika toUpperCase(Locale.ROOT) au tumia Character.toUpperCase kwa ile herufi moja, hiyo haiangalii lugha.

Halafu majina ya databezi. Naamini unageuza jina_la_mwalo kuwa jinaLaMwalo, sawa. Ila mtu aliyeita safu yake m_pesa_namba atapata mPesaNamba, na hapo ndo ugonjwa wa yule kijana wa Igoma unazalishwa na mashine. Weka kanuni kwamba kipande cha kwanza kikiwa herufi moja kiunganishwe na kinachofuata, m_pesa iwe mpesa. Safu inayoanza na herufi kubwa ishushe, kwa sababu Bei na bei zote zinazaa getBei na huwezi kuwa nazo mbili. Na kuna jina moja baya kuliko yote, class. Kwenye mifumo ya shule utalikuta sana kama jina la safu. Fildi class Java haikubali, na hata ukiibadilisha fildi, geta getClass() ipo tayari kwenye kila kitu cha Java na imefungwa, haiandikwi juu yake. Aliyeita safu yake darasa hana shida hiyo.

Afu andika testi moja tu, hiyo itakulinda kuliko kanuni zote. Kwa kila jina la propati unalotoa, tengeneza geta, vua get, lipitishe kwenye Introspector.decapitalize, halafu linganisha na jina ulilolianzia. Kisha fanya hivyohivyo kwa Jackson, jaza kitu, kigeuze JSON, soma majina yaliyotoka. Jina lolote ambalo halikurudi kama lilivyoondoka, programu yako isimame na ilitaje, isitoe klasi. Ikikuletea majina ambayo hata mimi sijayataja hapa nitumie, hasa ya Kiswahili, nina daftari lake.